Mzee Pumzika? Hapana, Mzee Nyanyua!

Leo nataka kugombana na watu wema. Wezi wa mali ya umma nitawarudia siku nyingine, wapo tu, hawaendi kokote. Leo nina neno na watoto wenye adabu, wakwe wenye huruma, madaktari wapole, na kila mtu ambaye akimwona mtu wa miaka 45 au 50 amebeba ndoo ya maji anakimbilia kumpokea huku akisema, "Lete mzee wangu, wewe pumzika, umri umekwenda."

Kwetu heshima ina mikono. Mtoto aliyelelewa vizuri hamwachi mkubwa abebe. Anapokea kikapu, anapokea ndoo, anapokea begi, hata gazeti atalipokea. Sina ugomvi na mila hiyo, nami nimelelewa nayo. Ugomvi wangu unaanza pale heshima inapogeuka kuwa ushauri wa kitabibu. Maana kwetu mtu akifika miaka 45, akaota mvi tatu na kitambi kidogo, tayari ni "mzee". Na mzee, kwa sheria ambayo haijaandikwa popote, hanyanyui kitu kizito. Akithubutu kusema anataka kwenda jimu kunyanyua vyuma, nyumba nzima inaitisha kikao. Mke anauliza kisirani, "Kwani unataka kumpendezesha nani?" Watoto wanacheka. Shemeji anakumbusha habari ya bwana fulani aliyeanguka na chuma mkononi. Daktari akiulizwa anasema, "Tembea tu mzee wangu, nusu saa kila siku, inatosha."

Haitoshi, jamani. Kutembea ni kuzuri na anayetembea asiache. Lakini ninachosema, na niko tayari kubishana na yeyote, ni hiki: mtu wa umri wa makamo anahitaji kunyanyua vitu vizito kuliko hata kijana anavyohitaji. Nasema vizito kweli, sio vile vidambeli vya rangi ya waridi vya kilo moja moja. Hatari zipo na nitazitaja bila kuficha hata moja. Lakini ipo hatari nyingine ambayo haitajwi kamwe kwenye kikao cha familia, nayo ni hatari ya kutonyanyua.

Hebu kwanza tujiulize wazo hili tumelitoa wapi. Tumelelewa tukiamini kwamba mazoezi maana yake ni kukimbia. Shuleni tuliamshwa kwa mchakamchaka, tukaimba, tukatoka jasho, tukaingia darasani. Tulipokua tukaanzisha vikundi vya jogging. Mwisho wa wiki asubuhi barabara za Dar zinajaa fulana za rangi moja, nyimbo na filimbi. Mwaka 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi nchi nzima. Yote haya ni mema. Moyo unafaidika, mapafu yanafaidika, na urafiki pia unafaidika. Lakini misuli je? Misuli tumewaachia mabaunsa. Tumekubaliana kimyakimya kuwa misuli ni ya walinzi wa kumbi za starehe na vijana wa miraba minne wanaovua shati pale Coco Beach. Mtu mwenye heshima zake, mhasibu, mwalimu, mchungaji, shehe, misuli ya nini?

Nitakwambia ya nini. Ni ya kuinukia. Kuna choo cha kuchuchumaa kijijini kwenu, kile ambacho mjomba wako wa mjini sasa anakiogopa kuliko simba, maana kushuka anashuka, shughuli iko kwenye kupanda. Kuna sujudu: wako Waislamu wengi wanaosali kwenye kiti, na si wote wana ugonjwa wa magoti, wengine ni mapaja tu yaliyokwisha nguvu. Kuna mkeka msibani. Kuna ngazi ya daladala ambayo konda hangoji umalize kuipanda. Kuna mtoto wa mwanao anayekukimbilia mikono juu akitaka kubebwa. Hayo yote ni kunyanyua uzito, na uzito wenyewe ni mwili wako. Mtu mwenye kilo 85 anayeinuka kutoka chini ameshanyanyua chuma, apende asipende.

Sasa tuangalie kinachotokea ndani. Misuli huanza kupungua mtu akiwa kwenye miaka ya 30, na mwanzoni inapungua taratibu kiasi kwamba hakuna anayeona. Kitambi kinachokua huficha mapaja yanayosinyaa, na mizani inasema uzito ni ule ule. Baada ya miaka 60 kasi inaongezeka. Nguvu zenyewe hupotea haraka kuliko nyama ya misuli. Na nyuzi zinazotangulia kwenda ni zile zenye nguvu na kasi, ndizo zinazokudaka unapojikwaa kabla hujafika chini. Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, Irwin Rosenberg, alipendekeza hali hii ipewe jina lake, akaiita sakopenia, neno alilolitoa kwenye Kigiriki lenye maana ya upungufu wa nyama ya mwili. Aliona kwamba kitu kama hiki hakitachukuliwa kwa uzito mpaka kipewe jina. Sisi mpaka leo tunakiita "uzee tu", tunanyanyua mabega na kusema ni kazi ya Mungu.

Kazi ya Mungu tusiisingizie. Mwaka 2015 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti mkubwa uitwao PURE. Watu karibu 140,000 wa umri wa miaka 35 hadi 70, katika nchi 17, zikiwemo Zimbabwe na Afrika Kusini, walipewa kifaa cha kubana kwa kiganja ili kupima nguvu. Kisha wakafuatiliwa kwa miaka kadhaa. Kila nguvu ya kiganja ilipopungua kwa kilo 5, uwezekano wa kufa ndani ya muda huo ulipanda kwa asilimia 16. Kipimo hicho cha kubana kilibashiri kifo vizuri kuliko namba ya juu ya presha. Sikiliza vizuri, utafiti huo hausemi ukibana mpira wa tenisi kila siku utaishi milele. Kiganja ni dirisha tu, kinaonyesha hali ya nyumba nzima. Lakini sisi kila kliniki tunapima presha, na hiyo ni sawa kabisa. Nguvu nani amewahi kukupima?

Wapo watakaosema, haya, misuli inapungua, lakini kwa mtu aliyekwisha kufika hapo kuna faida gani tena? Udongo uwahi ungali maji. Methali nzuri, lakini misuli haiijui. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake mjini Boston waliwachukua watu 10 kutoka nyumba ya kutunzia wazee. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 90. Tisini! Wakawapa mazoezi ya mapaja ya uzito mkubwa, takriban asilimia 80 ya uzito wa juu kabisa ambao kila mmoja aliweza kuusukuma mara moja. Mmoja aliishia njiani. Kwa waliobaki, baada ya wiki 8, nguvu za mapaja zilikuwa zimepanda kwa wastani wa asilimia 174, na wawili waliweka fimbo zao pembeni. Kama mwili wa miaka 90 unaitikia chuma kiasi hicho, mwili wa miaka 48 unaoambiwa upumzike unaambiwa na nani, na kwa ushahidi gani?

Halafu kuna swali la uzito wenyewe. Kwa nini vizito, si vyepesi? Wadenmark wametusaidia hapa. Waliwachukua watu zaidi ya 400 wa umri wa kustaafu, wakawagawa makundi matatu: vyuma vizito mara 3 kwa wiki, mazoezi ya wastani, na wanaoendelea na maisha yao kama kawaida. Programu ilidumu mwaka mmoja. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 yanaonyesha kuwa miaka 4 baada ya kuanza, kundi la vyuma vizito bado lilikuwa na nguvu za miguu walizokuwa nazo siku ya kwanza. Makundi mengine mawili yalikuwa yamepungukiwa. Mwaka mmoja wa kutoka jasho, na miaka mitatu baadaye faida bado ipo. Benki gani inatoa riba hiyo?

Nitakuwa mkweli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster kule Kanada, na wengine, wameonyesha kwamba hata uzito mdogo hujenga misuli endapo utaunyanyua mara nyingi mpaka misuli ichoke kabisa. Kwa hiyo asiyeweza vizito asikate tamaa. Lakini kama unatafuta nguvu, uwezo wa kuinua kitu ambacho jana kilikushinda, basi vizito vinashinda. Na kinachompungukia mtu wa makamo ni nguvu.

Sasa nasikia mtu anasema kutoka nyuma, "Wewe mwandishi wa kalamu na kompyuta, nenda Kariakoo ukawaone makuli. Wamebeba vizito maisha yao yote. Mbona migongo imekwisha?" Hii ndiyo hoja ninayoiheshimu kuliko zote, kwa sababu ni ya kweli. Nenda kaangalie gunia la lumbesa, lile lililojazwa mpaka likaota kilemba juu yake, linavyopanda kichwani mwa binadamu. Nenda kamwone mama anayebeba kuni kilomita kadhaa. Hakuna afya pale.

Lakini tofauti haiko kwenye uzito peke yake. Kuli hachagui uzito, anachaguliwa na tajiri. Habebi mara 5 akapumzika dakika 3, anabeba mpaka lori liishe. Hapumziki kesho yake ili misuli ijijenge, kesho kuna lori jingine. Mgongo ukimuuma hawezi kupunguza, maana chakula cha watoto hakipungui. Na mara nyingi anabeba akiwa na kikombe cha chai na andazi tumboni. Wanasayansi wa Denmark, wakiongozwa na Andreas Holtermann, wamelichunguza jambo hili kwa miaka. Mwaka 2021 walitoa matokeo ya watu zaidi ya 100,000: nguvu zinazotumika wakati wa mapumziko ziliambatana na afya njema ya moyo, wakati nguvu zinazotumika kwenye kazi nzito ziliambatana na kinyume chake. Chumvi kijiko hunogesha mboga na chumvi kopo huiharibu, na chumvi ni ile ile. Mwenye kosa kwenye mgongo wa kuli ni yule anayejaza lumbesa. Tusimtumie kuli kama kisingizio cha mhasibu kukaa kwenye kiti saa kumi kwa siku.

Na hapa niwaguse wenzangu wa taaluma. Mtu wa miaka 50 akianguka jimu, ni habari. Picha zitasambaa kwenye makundi ya WhatsApp kabla hajafikishwa hospitali, na kila anayezituma ataongeza, "Tuwe makini na haya mazoezi." Mwanamke wa miaka 68 akiteleza bafuni, akavunjika nyonga, akalala kitandani miezi kadhaa mpaka akafa kwa nimonia, hiyo si habari. Hilo ni tangazo la kifo lenye maneno "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Tunahesabu maiti wa upande mmoja tu, halafu tunasema upande huo ndio hatari.

Haya, hatari. Niliahidi sitaficha.

Ya kwanza ni presha. Mwaka 1985 Duncan MacDougall na wenzake, hapo hapo McMaster, waliwapima presha vijana waliozoea vyuma, kifaa kikiwa ndani ya mshipa wa mkono, wakati wakisukuma uzito mkubwa kwa miguu yote miwili. Wastani ulifika 320 kwa 250. Mmoja alipita 480 kwa 350. Soma tena namba hizo. Hali hiyo hudumu sekunde chache na mshipa mzima huivumilia. Lakini kama mshipa mkuu utokao moyoni umeshatanuka bila wewe kujua, sekunde hizo chache zinatosha kuuchana. Daktari John Elefteriades wa Yale na wenzake walikusanya habari za watu 31 waliopatwa na mkasa huo wakiwa katika juhudi kubwa kama ya kunyanyua vyuma. Wengi wao mshipa ulikuwa umeshatanuka kabla. Hawakuwa na taarifa.

Sasa unganisha na hali yetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa takriban mtu mmoja kati ya wanne nchini Tanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana presha ya juu. Na presha haipigi hodi. Kwa hiyo mtu wa makamo anayeingia jimu bila kupima presha anacheza bahati nasibu, na kocha wa jimu anayempokea bila kumuuliza anamuuzia tiketi. Chama cha Moyo cha Marekani kinasema wazi kuwa mwenye presha inayozidi 180 kwa 110 isiyodhibitiwa asiguse vyuma mpaka itibiwe. Mwenye historia ya kifo cha ghafla katika ukoo, mwenye maumivu ya kifua, mwenye ngiri, aanzie kwa daktari. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini maliza na upande wa pili wa habari, maana watu hupenda kuishia hapo: presha ikishadhibitiwa, mazoezi ya nguvu yakifanywa kwa mpango husaidia kuishusha. Na sukari vilevile, kwa sababu misuli ndiyo ghala kubwa la sukari itokanayo na ule ugali uliokula mchana. Ghala likiwa dogo, sukari inabaki barabarani.

Hatari ya pili ni haraka. Misuli hupata nguvu kabla ya kano zinazoishikilia kwenye mifupa. Wiki ya sita unajiona Simba wa Yuda, kano bado ziko wiki ya pili. Hapo ndipo bega linapochanika na diski ya mgongo inapochomoza. Na mwenye makosa mara nyingi ni mwanamume wa miaka 47 aliyekuwa na nguvu akiwa na 22, anayekumbuka kilo alizonyanyua wakati ule. Mwili hausomi kumbukumbu zako.

Hatari ya tatu ni sifa. Wapenzi wote wa vyuma wanamjua Ronnie Coleman, Mmarekani aliyetwaa taji la Mr. Olympia mara 8 mfululizo, kuanzia 1998 hadi 2005. Alichuchumaa na paundi 800 begani, zaidi ya kilo 360, akainuka nazo mara mbili. Baadaye alifanyiwa upasuaji wa mgongo na nyonga mara zaidi ya kumi, akaishia kutembea kwa magongo. Yule alikuwa bingwa wa dunia na alijua anacholipia. Wewe karani wa halmashauri unamshindania nani? Kilo 360 hazina faida yoyote ya kiafya ambayo kilo 80 hazina.

Hatari ya nne ni sindano, na hii ndiyo inayonikera. Kwenye jimu kuna mtu, kila mara yupo mtu, atakayekunong'oneza kwamba umri wako unahitaji "kusaidiwa kidogo". Dawa hizo za homoni zinapotumiwa kiholela hupandisha presha, huharibu mafuta ya damu, hunenepesha kuta za moyo, na korodani zikiona kazi yao inafanywa na sindano huacha kazi na kusinyaa. Ile hofu ya vijiweni kwamba vyuma vinaua nguvu za kiume imetokea hapa. Chuma kinasingiziwa dhambi ya sindano. Na zile poda za bei ya kodi ya mwezi huzihitaji pia. Maharage, dagaa, mayai na samaki hufanya kazi hiyo hiyo, na havihitaji picha ya baunsa kwenye kopo.

Kina mama mlidhani nimewasahau? Ninyi ndio mnaonyimwa zaidi. Mwanamume akisema anataka vyuma anachekwa, mwanamke anaambiwa atageuka dume. Hatageuka, hana homoni za kutosha kwa kazi hiyo. Kinachomsubiri baada ya hedhi kukoma ni mifupa kupoteza uimara kwa kasi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Griffith, Australia, walichapisha mwaka 2018 matokeo ya wanawake 101 waliokwisha kukoma hedhi na ambao mifupa yao ilikuwa imeanza kudhoofika. Nusu yao walipewa vyuma vizito, zaidi ya asilimia 85 ya uwezo wao, seti 5 za mara 5, dakika 30 mara 2 kwa wiki, chini ya usimamizi. Baada ya miezi 8 mifupa ya kiunoni kwa wanyanyuaji ilikuwa imeongezeka uimara kwa karibu asilimia 3. Ya wenzao ilikuwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 1. Aliyeumia katika kundi la vyuma ni mmoja tu, misuli ya mgongo ilikaza kidogo. Na Ernestine Shepherd, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1936, alianza mazoezi akiwa na miaka 56. Mwaka 2010 kitabu cha Guinness kilimtambua kuwa mwanamke mwenye umri mkubwa kuliko wote anayeshindana katika kujenga mwili. Waliomwambia umri umekwenda walisema kweli, umri ulikwenda, yeye akabaki.

Basi afanyeje huyo mtu wa makamo? Apime presha kwanza, tena zaidi ya mara moja. Mwezi wa kwanza na wa pili ajifunze mwendo tu kwa uzito mdogo: kuchuchumaa na kuinuka, kuokota kitu chini mgongo ukiwa umenyooka, kusukuma juu, kuvuta. Kisha aongeze pole pole. "Kizito" maana yake ni kizito kwako: uzito unaoweza kuunyanyua mara 5 hadi 8 bila kupinda mgongo, ukabakiwa na nguvu ya kurudia mara moja au mbili tu. Siku mbili kwa wiki zinatosha, na hizo ndizo Shirika la Afya Duniani lilizozitaja kuwa za chini kabisa kwa kila mtu mzima katika mwongozo wake wa 2020. Asibane pumzi, apumue nje anaposukuma. Akisikia maumivu ya kifua, maumivu makali ya ghafla mgongoni au kizunguzungu, aache na aende hospitali, asimalizie seti.

Na asiniambie hana hela ya jimu. Dumu la lita 20 likijaa lina kilo 20 za maji. Aanze na lita 5, kila wiki aongeze lita moja. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba chenyewe kinaonekana kwa macho. Madumu mawili yaliyojaa yakishakuwa mepesi kwake, ndipo atafute kocha anayeuliza maswali kabla ya kuuliza ada.

Nakurudia wewe unayenisoma ukiwa na miaka 26. Usidhani nazungumza habari za baba yako peke yake. Wewe uko miaka kumi na tisa tu kutoka kwenye neno "mzee", na kiti chako cha ofisini kimeshaanza kazi yake. Na kuhusu baba na mama: siku misuli yao itakapogoma kuwainua kitandani, hatakuja mtu wa serikali kuwainua. Atawainua mke wako, dada yako, au binti wa kazi wa miaka 17 mnayemlipa kidogo. Mzigo mnaowapokea leo kwa heshima mtaubeba kesho kwa lazima, na utakuwa mzito kuliko ndoo.

Kwa hiyo wikiendi hii, ukimkuta mama yako anatoka kisimani au bombani na dumu lake, na presha yake mnaijua iko sawa, mwamkie. Shikamoo mama. Kisha tembea naye, piga naye hadithi, beba dumu lako mwenyewe. Lake mwachie. Majirani watakusema huna adabu. Waache waseme, na anayetaka kunipinga anipinge kwa hoja, asije na huruma mkononi.